Kihamba, shamba la tambarare au malisho ya Kimasai: ukiwa na ardhi Moshi au Arusha ufuate njia ipi?

Disemba ikifika, mabasi ya kutoka Dar yakianza kujaa watu wanaokuja kula Krismasi kwao, ujue na maneno ya ardhi yameshafika. Mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ikizunguka kidogo tu utasikia, hiki kihamba cha mzee tunakifanyaje, nani anakaa nacho, kwa nini tusing'oe hii mibuni mizee tupige parachichi, mwingine anasema tuuze tukachukue heka kumi kule chini tulime mahindi na trekta, alafu kuna mmoja wa Arusha kasikia Monduli ardhi bado ipo anataka kununua afuge. Kila mtu ana hesabu zake kwenye simu na zote zinatoka faida, sijawahi kuona hesabu ya simu inayotoka hasara.

Shida ninayoiona mi ni kwamba watu wanalinganisha mazao. Parachichi kilo shingapi, mahindi gunia shingapi. Wazee wa huku walikuwa wanaanza na maji na watu: maji yanatokea wapi, leo zamu ya nani, kipande gani kisiguswe mpaka lini, nani yupo nyumbani wa kuangalia. Zao lilikuja baada ya hapo. Kwaiyo nalinganisha njia tatu za kuishi na ardhi ambazo zipo hapa hapa kwetu, kihamba cha milimani, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa linalozunguka nyumba (Wachagga, na upande wa Meru Wameru na Waarusha wana mtindo unaofanana nao), shamba la tambarare, na malisho ya kutunzwa ya Kimasai, uangalie ipi inaendana na maisha yako.

Kihamba, kwa aliyekulia mjini

Ukisimama ndani ya kihamba kilichotunzwa ni kama uko kwenye nyumba ya ghorofa. Juu kabisa miti mikubwa, mringaringa, mruka, na siku hizi mgrevilea, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni magimbi na maharage na mboga, na viazi vikuu vimepanda kwenye miti. Pembeni banda la ng'ombe wawili watatu wanaolishwa humo humo, samadi inaenda kwenye migomba, na kiangazi majani yakiadimika magogo ya migomba yanakatwakatwa wanapewa ng'ombe. Watafiti waliovipitia hivi vihamba vya Kilimanjaro walikuta aina zaidi ya 500 za mimea, na zaidi ya 400 hakuna aliyezipanda, zimejiotea zikaachwa. Na hazikuachwa kwa uvivu. Kuna za dawa, kuna za ng'ombe, kuna msesewe ambao gome lake ndo linaipa mbege ule uchungu.

Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliingiza sehemu mbili za huku kwetu kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani, moja ni vihamba vya Shimbwe Juu kule Uru na nyingine ni eneo la wafugaji wa Kimasai la Engaresero karibu na Ziwa Natron. Watu wa Moshi mjini ukiwauliza wengi hawajui. Shamba la mahindi la tambarare halimo kwenye hiyo orodha na wala halihitaji kuwemo, lenyewe kazi yake ni ugali.

Anza na maji, mengine yatafuata

Kihamba cha asili kiliishi kwa mfereji. Maji yanachepushwa kule juu mtoni, karibu na msitu au ndani yake, yanaletwa kwa mteremko tu bila pampu wala umeme, yanapita kwa huyu yanaenda kwa yule, na kila mfereji una watu wake, una mkubwa wake, una zamu zake. Banio, pale maji yanapochepushwa mtoni, likibomoka au tope likijaa linapigwa msaragambo, kila nyumba inatoa mtu, usipokuja unalipa faini au zamu yako inarukwa. Hapo ndo ufundi wenyewe ulipo, maana kuchimba mfereji hata kijana wa leo anaweza, ila kuwafanya watu wa vijiji vitatu wagawane maji ya kiangazi miaka na miaka bila kushikana mashati, hiyo kazi haina mashine.

Sasa mifereji mingi imekufa au inachechemea. Vijana wameondoka, sehemu nyingine maji ya bomba yamekuja watu wakaacha kwenda msaragambo, sehemu nyingine walioko juu wanafunga maji wanamwagilia nyanya. Kwaiyo swali la kwanza kwa mwenye kihamba, kabla hata hujafikiria miche, ni mfereji wenu uko hai? Kama uko hai, jina lako au la nyumba yenu bado lipo kwenye zamu? Usije ukajibu kwa kukumbuka ya utotoni, nenda ukatembee mpaka kwenye banio.

Kule chini hadithi ni nyingine kabisa. Kuna shamba la mvua tupu, hapo unategemea masika, Machi mpaka Mei, na vuli ikikuonea huruma. Kuna shamba la skimu, kama ile ya mpunga ya Lower Moshi, Mabogini na Chekereni huko, ambayo ilijengwa miaka ya 80 kwa msaada wa Wajapani na ikafanya watu wale wali wa kwao, lakini wa juu walipoona mpunga unalipa nao wakafungua maji wakalima, wa chini wakabaki na mifereji ya saruji mizuri isiyo na maji ya kutosha. Na kuna wa kisima na pampu, huyu maji yake ni bili ya umeme au dizeli, au sola kama ana mtaji. Alafu angalia udongo pia, baadhi ya sehemu za Kahe na jirani zake zina magadi, ukimwagilia vibaya miaka michache unaona weupe juu ya ardhi na mahindi yanadumaa.

Kwa njia yoyote ya kuchepusha maji ya mto leo unahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, sheria ni ya 2009, na ile mita 60 kutoka mtoni hairuhusiwi kulimwa, hiyo ipo kwenye sheria ya mazingira ya 2004. Wazee hawakuwa na mita 60 ila kingo za mto na chemchemi walikuwa hawazigusi, walikuwa wanaziogopa zaidi ya sisi tunavyoiogopa sheria.

Mmasai yeye anapeleka mifugo kwenye maji. Mvua zikinyesha ng'ombe wanaenda mbali kwenye mbuga zenye madimbwi ya muda, kiangazi wanarudi kwenye visima, mito na malambo, na kisimani nako ni zamu, boma hili kwanza, boma lile baadae. Ukinunua eneo lenye nyasi nzuri halina maji wala hamna haki ya kisima kilicho jirani, umenunua picha.

Na kama unadhani umwagiliaji umeletwa na wazungu, panda gari uende Engaruka, Monduli hiyo hiyo, ukaone mabaki ya matuta ya mawe na mifereji ya watu walioishi pale chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kuanzia karne ya 15 mpaka ya 18 hivi. Walilima mtama sehemu ambayo leo ukipita unaona vumbi.

Chakula mezani

Hapa kihamba kinashinda na sioni mjadala. Mwaka 1989 mfumo wa dunia wa kugawana soko la kahawa ulipovunjika na bei ikaporomoka, hela ilipotea Kilimanjaro nzima, ada zikawa shida, watu wakakasirika, lakini mgomba ulibaki pale pale. Mshare kwa mtori, ndizi za machalari, nyingine za mbege, maziwa, magimbi. Kihamba kinatoa kidogo kidogo mwaka mzima, hakuna siku moja ya mavuno makubwa, na hakuna siku moja ya kupoteza vyote.

Tambarare ni kinyume, unavuna mara moja, unajaza stoo, au unakosa. Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017 aliyekuwa na heka kumi za mahindi matupu alihangaika na bomba la sumu mgongoni msimu mzima. Aliyekuwa na mahindi kidogo katikati ya migomba na maharage naye aliumia ila hakuwa ameweka maisha yake yote humo.

Ila kulima chini si lazima iwe mahindi matupu, hilo tumelishwa tu. Maafisa ugani kwa miaka mingi walikuwa wanawasifia waliopanda zao moja kwa mstari na wanaochanganya wanaonekana hawajasoma. Wakati hayo mahindi yenyewe yametoka Amerika, na wenyeji wa kule walioyalea, kwa mfano Haudenosaunee wa upande wa New York na Kanada, walikuwa hawayapandi peke yake, wanaweka mahindi, maharage na maboga pamoja, maharage yanapanda kwenye bua na kuongeza naitrojeni ardhini, majani ya maboga yanafunika ardhi isikauke na magugu yasiote, na wao wanayaita madada watatu. Bibi zetu walifanya hivyo hivyo bila kuambiana. Sisi tulipokea mbegu tukaacha wenzake njiani.

Malisho yanakupa maziwa na nyama, na unga unanunua. Mmasai wa leo wa Monduli au Simanjiro mara nyingi ana na shamba la mahindi na maharage pembeni, usije ukafikiri anaishi kwa maziwa kama kwenye kalenda za watalii.

Kupumzisha ardhi, hapa Wamasai wanafundisha

Hii sehemu naona wakulima tunaidharau. Wamasai wana alalili, eneo la nyasi linalofungwa mvua zinapoanza, haliingizwi ng'ombe mpaka kiangazi, na likifunguliwa wanaanza ndama, wagonjwa na ng'ombe wanaonyonyesha. Karibu na boma kuna olopololi ya ndama. Nani anafunga, nani anafungua, wazee wanakaa, laigwanan, kiongozi wao wa kimila, anasema, anayeingiza mifugo kabla ya wakati anatozwa. Nyasi zikipata nafasi ya kutoa mbegu ardhi inajirudi yenyewe. Na mti mbichi haukatwi ovyo, oreteti ndo kabisa, huo ni wa kuomba Mungu.

Utaratibu huu ukivunjika matokeo yake unayaona kwa macho barabara ya Longido, makorongo mekundu. Ukame wa 2009 uliua ng'ombe wengi sana Longido na Monduli, na siku hizi kuna vijiji vinazifufua hizi alalili na olopololi, wanachimba makinga maji ya nusu duara, wanaacha visiki viote tena badala ya kupanda miche mipya inayokufa.

Lakini sikiliza, alalili ni ya kijiji. Huwezi kununua heka hamsini ukazungushia waya ukasema na mi nina alalili. Nguvu yake ni ukubwa na makubaliano, mvua ikinyesha kwa jirani ng'ombe wanahamia kwa jirani, kesho wa jirani wanakuja kwako. Ukishafunga waya umetoka kwenye hayo makubaliano, kiangazi kikikukuta utanunua majani ya lori.

Nani yupo pale?

Hili ndo swali linaloamua na ndo watu wanalolikwepa. Kihamba kinataka mtu anayelala hapo. Mgomba unatolewa maotea, mbuni unapogolewa, samadi inabebwa, ng'ombe anakatiwa majani kila siku ya Mungu. Ukikaa Dar ukaweka kijana wa kuangalia, mwaka wa kwanza utatumiwa picha, baadae migomba inajisonga, mibuni inageuka miti ya kukaushia nguo, na ng'ombe sijui ameenda wapi.

Na tuseme ukweli, hayo majani ya ng'ombe waliobeba kichwani tangu zamani ni akina mama. Walikuwa wanashuka tambarare asubuhi wanapanda na mzigo, wengine wanakata kwenye ule ukanda wa nusu maili wa msitu uliotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wenyeji, ila msitu sasa uko ndani ya Hifadhi ya Taifa tangu 2005, usiuhesabu kwenye mipango yako ya majani. Kazi ya mama, jina la kihamba la baba, anarithi mtoto wa kiume, kitinda mimba anabaki na nyumba ya wazazi. Mi nakisifia kihamba ila kwenye hili hakina utetezi. Sheria za ardhi za 1999, ya ardhi na ya ardhi ya vijiji, zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, kwaiyo kama dada ndo aliyebaki nyumbani na ndo anayejua mfereji, mwandikisheni dada. Vikao vya ukoo vinavyompa kihamba mtu wa Dar ambaye haji mpaka Disemba ndo vinavyoua vihamba, kuliko hata ugonjwa wa kahawa.

Tambarare unaweza kuendesha kwa simu kiasi, trekta la kukodi, vibarua wa palizi, unashuka kupanda na kuvuna. Utaibiwa kidogo, hilo liweke kwenye bajeti. Mifugo inataka mchungaji anayejua na majirani wanaokukubali, hapo simu haisaidii.

Hela, kwa haraka

Tambarare inaleta hela nyingi kwa mpigo na inakula hela nyingi kwa mpigo, mbegu chotara unanunua kila msimu, mbolea hata na ruzuku iliyoanza 2022 bado ni gharama (na ujisajili mapema la sivyo utazungushwa), trekta, sumu, magunia. Kihamba kinaleta hela ndogo ndogo na kinakula nguvu zaidi ya pesa. Ng'ombe ni benki, mpaka ukame uje.

Sasa uchague

Una heka moja au nusu kule Kibosho, Marangu, Machame au Rombo, mfereji uko hai au maji mengine yapo, na kuna mtu wa familia anakaa: baki na kihamba, usiuze, heka ya mlimani ukishaiuza hairudi kwenye ukoo. Wameru wanalijua hili, mwaka 1951 walipoondolewa Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, Kirilo Japhet alienda mpaka New York Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuidai. Watu wamesafiri mbali kwa ajili ya udongo ambao sisi tunautoa kwa bei ya gari.

Kihamba kipo ila hakuna mtu wa kukaa: usiweke kijana wa kuhangaika na kila kitu. Mpe jirani au ndugu anayelima, mwandikishane mbele ya mwenyekiti wa kijiji, masale ya mpakani yasing'olewe, miti mikubwa isikatwe, na yeye avune. Utapata mkungu ukija, inatosha.

Unataka kulisha biashara, una mtaji, unaweza kupoteza msimu mmoja bila kulala njaa: shuka tambarare. Chukua lenye maji ya uhakika hata kama ni dogo kuliko la mvua mara tatu. Changanya maharage, acha mabua shambani usichome, usikubali kung'oa kila mti eti trekta lipite vizuri.

Unataka ng'ombe wengi na huna ukoo kule: fikiria mara mbili. Nenda ofisi ya kijiji uulize mpango wa matumizi ya ardhi unasemaje, hilo eneo limeandikwa malisho au makazi au kilimo, na njia ya mifugo inapita wapi. Kama limeandikwa malisho, anayekuuzia hana cha kuuza, hata kama ana mhuri.

Na wale wa parachichi, nimewaweka mwisho kwa sababu ndo mnaouliza sana. Kahawa yenyewe ilikuja kama mgeni, wamisionari wa Kilema waliileta mwishoni mwa karne ya 19, na wazee hawakung'oa migomba kuipisha, waliiweka chini ya migomba, na kwa mtindo huo huo wakajenga chama chao mwaka 1925 na KNCU, ushirika wao wa kahawa, mwaka 1933 wakasomesha watoto. Parachichi nalo lipokeeni hivyo hivyo. Mti wake una kivuli kizito, mbuni chini yake hauzai vizuri, kwaiyo miche ya kubebeshwa iwekwe pembezoni na pale ambapo mibuni imeshakufa, migomba ibaki katikati, mringaringa ubaki juu. Mibuni mizee inayokufa kwa chulebuni na kutu ya majani haina haja ya kubembelezwa, TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo wanatoa aina zinazostahimili magonjwa yote mawili, ila miche inaombwa mapema, mashimo yachimbwe na samadi iingie kabla ya masika, ukienda Aprili utakuta wenzako wameshabeba.